Kitanda cha Upande wa Rada

Nchi zenyewe sitazitaja. Zinajijua, na kila anayesikiliza taarifa ya habari anazijua. Ni mbili, zimepakana, na zinachukiana tangu mimi sijazaliwa. Nilizifahamu kwa sababu ya kazi tu. Ofisini kwetu hapa Dodoma tunaandika maandiko ya kuwasaidia wakubwa waelewe mambo ya dunia kabla hawajasimama kuyasema, na bosi alinipa mada ambayo wenzangu walikuwa wameikimbia: nilinganishe rada za onyo la mapema za nchi hizo, zile zinazobebwa na malori, na namna kila nchi ilivyojijengea ulinzi wake wa anga.

"Mwanamke na rada wapi na wapi," alisema mwenzangu wa meza ya pili. Huyu anakaa Miyuji, na utani wetu tumeutengeneza wenyewe, hatukurithi kwa babu. Nikamjibu kwamba mwanamke ndiye rada ya kwanza duniani, na kama habari hizo hana akamuulize mke wake. Akarudi kwenye karatasi zake, maana mkewe namjua.

Basi nikaisoma mada ile mpaka nikaipenda. Hilo linanishangaza hadi leo, kwamba niliipenda. Nchi ya kwanza ilianza kwa kununua. Ilipogombana na aliyeiuzia, akaikatia vipuri, nayo ikafungua mitambo iliyokuwa nayo kipande kwa kipande, ikajifunza, ikaunda ya kwake. Rada yake ni kubwa, lori refu la magurudumu mengi, na juu yake uso mpana wa chuma unaosimamishwa kama mlango wa ghala. Inaona mbali sana. Ubaya wake, kuikunja na kuihamisha ni shughuli ya watu wengi. Nchi ya pili haikuwa na fedha za kujionyesha. Yenyewe iliunda rada ndogo ndogo, hazioni mbali vile, ila ni nyingi, zinapeana habari, na wakihisi hatari wanazikunja upesi wanaondoka nazo.

Ofisi nzima ikagawanyika kama watu wa mpira. Wa rada kubwa walikaa upande wa dirisha, wa rada ndogo upande wa birika la chai. Mwenzangu wa Miyuji alikuwa wa rada kubwa, damu damu. Alikuwa akipita mezani kwangu ananiambia, "Andika vizuri, usituonee." Mimi sikuwa na upande. Niliandika tu, kwa lugha ile kavu tunayoipenda ofisini, kwamba rada ikiwashwa inajitangaza, kwa kuwa adui mwenye vifaa huyanasa mawimbi yake. Kwamba ndiyo sababu imewekewa magurudumu. Na kwamba vita vikianza, yenyewe ndiyo shabaha ya kwanza. Nikamalizia: "Hasara ya rada moja moja inatarajiwa." Bosi aliweka tiki pembeni ya sentensi hiyo, akaandika, "Safi."

Sasa, katika nchi ya kwanza, ile ya rada kubwa, alikuwako mdogo wangu. Ni kitinda mimba wetu, fundi wa viyoyozi, aliyekwenda huko kwa mkataba, na mama yetu kule Kondoa alikuwa akihesabu kurudi kwake kwa mavuno ya uwele. Alikuwa akinipigia kila wiki, ananihadithia joto la huko, na mimi namhadithia vumbi la huku kwangu Nkuhungu, tunacheka.

Jumamosi moja nimekaa uani napepeta mchele, ikaingia picha kwenye simu. Ilikuwa imepigwa kutoka dirishani. Nje palikuwa na uwanja mtupu, na katikati ya uwanja limesimama lori langu. Nasema langu kwa sababu nililijua lote, kuanzia tairi mpaka uso wake wa chuma. Nilikuwa nimeliangalia kwenye skrini ya ofisi miezi yote ile kama mtu anayeangalia gari analotamani kununua. Chini ya picha mdogo wangu alikuwa ameandika, "Dada, tumeletewa mlinzi. Mwambie mama alale usingizi."

Ungo ulinitoka mikononi. Mchele wote chini, kuku wa jirani wakaja mbio, na mimi wala sikuwafukuza. Nikampigia hapo hapo.

"Hapo ni wapi?"

"Nyuma ya bweni letu la kampuni. Kitanda changu kiko dirishani kabisa, nalitazama hivi nikiwa nimelala. Wenzangu wananionea gere."

"Hama. Hama leo."

Akacheka. Ana kicheko cha marehemu baba, kinachoanzia tumboni. "Dada, umesahau dungu?"

Sikusahau dungu. Nani wa kwetu atakayelisahau? Uwele ukianza kutoa masuke, baba alikuwa akijenga dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti na paa la nyasi, na sisi watoto tunashinda juu yake tukiamia ndege kwa makopo na makombeo. Jua likizama walikuja nguruwe, na baba mwenyewe ndiye aliyelala pale na moto wake. Tulijua tangu wadogo kwamba palipo salama shambani ni chini ya dungu. Mtoto akiogopa, anaambiwa sogea dunguni. Mama akichelewa kuvuna, anavunia upande wa dunguni. Kwa hiyo mtu wa kwetu ukimwonyesha kitu kirefu kilichosimama uwanjani, chenye watu wanaokesha, moyo wake unatulia wenyewe.

"Nguruwe hakuwahi kulitafuta dungu," nilimwambia. "Nguruwe alifuata uwele, akiona dungu anakwepa. Hawa wanaanza na dungu lenyewe. Wakishalibomoa ndipo wanaingia shambani."

"Nani kakwambia?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimeandika."

"Dada, kusoma kutakuua kwa hofu. Askari wanalala chini ya lori hilo hilo. Wao hawajipendi?"

Nilimbembeleza, nikamgombeza, mwisho nikamtishia kumwambia mama. Akasema bweni ni la kampuni, yeye hapangi, na hata angepanga asingehama mahali ambapo kila mtu anapatamani. Nilikata simu kwa hasira. Nilikuwa nimeshangaa mpaka nasikia baridi, jua la saa sita likiwa juu yangu. Mtu mmoja akaliona lori lile akasema mlinzi, na mwingine wa tumbo hilo hilo akaliona akasema kaburi, na hakuna aliyeweza kumvuta mwenzake.

Wiki iliyofuata akanipigia akiwa mchangamfu. Amekuja mgeni chumbani kwao, fundi bomba, mtu wa Manyoni. "Mwoga huyo, dada. Mlango ukigongwa anasimama. Nimeona si vizuri. Nimempisha kitanda changu cha dirishani ili awe karibu na lori, mimi nimehamia cha mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikamwambia watoke wote wawili, yeye na mgeni wake, waende wakalale hata kwenye ukumbi wa chakula, katikati ya mabuli na masufuria. Akasema haya, nimeanza tena.

Siku ilipofika, ilinikuta kazini, saa ya chai. Televisheni ya mapokezi ilikuwa imewashwa. Niliwaona watu wa upande wa dirisha wamesimama, halafu na wa upande wa birika wamesimama, na hakuna aliyekuwa akimtania mwenziwe. Nchi ya pili ilikuwa imeishambulia nchi ya kwanza alfajiri. Msomaji akautaja mji wa mdogo wangu. Kisha akaletwa mtaalamu, mwanamume nadhifu, akaeleza kwamba rada kubwa hujitangaza ikiwashwa, kwamba ndiyo shabaha ya kwanza, na kwamba hasara kama hiyo ilitarajiwa. Yalikuwa maneno yangu kabisa, yamevaa tai. Mwenzangu wa Miyuji aligeuka akaniangalia, na kikombe chake kikawa kinamwagika kwenye suruali wala hajui.

Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Nilipiga, nikapiga, sauti ile ya kike ikaniambia haipatikani kwa adabu ile ile kila mara, mpaka nikamtukana, na yeye ni mashine.

Mchana akapiga baba mdogo kutoka Kondoa. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole kupita kiasi.

"Mwanangu, mama yako anaumwa kidogo. Njoo nyumbani."

"Anaumwa nini?"

"Presha tu. Usihangaike. Ila uje na nguo za kubadilisha."

Asiyekuwa wa kwetu nimweleze. Sisi hatumwambii mtu msiba kwenye simu. Aliyekufa kwanza anaumwa kidogo, au anaumwa mtu mwingine kabisa, ili wewe upate miguu ya kukufikisha. Unasafiri unajua na unajifanya hujui, na wanaokupokea njiani nao wanajua na wanajifanya hawajui. Ukikunja kona ya nyumbani ndipo unaliona turubai. Nimewahi kufanyiwa hivyo kwa baba. Presha peke yake ningeweza kuiamini. Nguo za kubadilisha ndizo zilizonimaliza.

Mwenzangu wa Miyuji alichukua ufunguo wa gari lake bila kuniuliza. Watu wa ofisini hawakukubali nisafiri peke yangu. Njia nzima hakuutaja mpira wala rada. Tulipokaribia Kondoa akasema, "Pole," kisha akauma mdomo, kwa sababu pole ilikuwa bado haijafika wakati wake.

Turubai lilikuwepo. Wanaume wamekaa kwenye mikeka, kofia vichwani, na uani moshi wa masufuria makubwa. Niliingia ndani nikamkuta mama amekaa sakafuni, mzima, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Kwa kuwa mama alikuwa mzima, nikajua ni nani. Wanawake walinidaka kabla sijafika chini, na nililia kilio ambacho sikujua kama ninacho.

Lakini mimi hata kilio changu kina hasira ndani yake. Nilipopata pumzi nikatoka nje kumtafuta baba mdogo.

"Nani amemwona?"

"Amepiga mtu wanayefanya naye kazi. Mtu wa huku huku, wa Babati."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

Baba mdogo akaitazama fimbo yake. "Alisema kijana ameumia kidogo. Yuko hospitali. Tusiwe na wasiwasi."

"Halafu?"

"Halafu nini, mwanangu? Si tunajua."

Nilipigwa na butwaa. Niliangalia turubai, nikaangalia masufuria, nikaangalia watu wazima wote wale wenye akili zao. "Mmeweka msiba kwa sababu mtu kasema ameumia kidogo?"

"Ulitaka aseme nini?" shangazi alidakia kutoka jikoni. "Angekuwa amekufa, angesema hivyo hivyo."

Na kweli. Nilisimama pale nikatafuta ni neno gani yule mtu wa Babati angelitumia kama mdogo wangu ameumia kidogo kweli, nikakosa. Kwetu hakuna namna ya kumweleza mtu jambo hilo akakuamini. Katika andiko langu nilikuwa na ukurasa mzima juu ya rada iliyoona kundi la ndege wa porini ikapiga kelele kwamba ni ndege za vita, na nilikuwa nimewacheka wenye rada. Sheikh peke yake ndiye aliyekuwa amejizuia. Walimwomba aswalishe swala ya ghaibu, inayoswaliwa kwa maiti aliye mbali, akasema tungoje mpaka tuwe na yakini. Watu walimwona anachelewesha mambo.

Baada ya swala ya alasiri simu yangu ikalia, namba ya ajabu yenye tarakimu nyingi. Nilipokea nikiwa nimesimama katikati ya wanawake.

"Dada."

Mdomo ulifunguka tu. Mama aliniona, akainuka sakafuni kwa nguvu ambazo magoti yake hayana, akaninyang'anya simu. Akasikiliza. Kisha akaing'ang'ania sikioni, uso umekunjamana, na hakufurahi hata kidogo.

"Wewe nani?" aliuliza. "Mmetafuta mtu wa kuigiza sauti ya mwanangu ili nisife kwa mshtuko. Nawajua. Haya, niambie, nani alianguka kutoka dunguni?"

Wanawake wakasogea karibu. Sauti ikatoka kwenye simu, ndogo, ya mbali, kila mtu akaisikia: "Dada. Na mimi sikumsukuma, mama. Mpaka leo anasema nilimsukuma."

Mama alikaa chini na simu yangu mkononi. Vigelegele vilipigwa, ndani ya nyumba ya msiba, chini ya turubai la msiba, na wanaume nje wakasimama wasijue washike nini. Shangazi alicheka huku machozi yanamtoka. Mwenzangu wa Miyuji aligeukia ukuta. Mpishi akachungulia kuuliza kama wali aendelee nao au aache, mama akamwambia apike, watu watakula kwa furaha. Ndiyo, alinisukuma, na siku hiyo nilimsamehe.

Kisha mama akanirudishia simu. "Anakutaka wewe. Anasema uende pembeni."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye zizi la mbuzi. Mdogo wangu alikuwa na mkono uliovunjika na jino lililotoka, basi. Kitanda cha mlangoni kiliangukiwa na mlango, mlango wenyewe ukamkinga.

"Na mgeni?" niliuliza.

Nilisikia kelele za hospitali nyuma yake, watu wakizungumza lugha nisiyoijua.

"Dirisha halipo, dada. Ule ukuta wote haupo." Akavuta pumzi. "Nilimpa pazuri. Wewe unajua nilimpa pazuri. Mimi nilikuwa napapenda pale."

"Najua."

"Alilala usingizi. Tangu aje hakuwa amelala vizuri, jana akaniambia leo nitalala, na akalala."

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, yale ya ukumbini na mabuli na masufuria. Sikumwambia hata moja. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna upindo wa kanga yangu, nikamwacha atafune.

Halafu akaniomba. Kampuni ilikuwa imewaambia itawapigia jamaa wa marehemu, lakini yeye alijua ingewapigia kwa Kiingereza, siku itakayojipendea. Namba aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya mama wa mgeni. "Mimi nitaanzaje, dada? Nimwambie nilihama mimi? Wewe unajua kusema."

Mimi najua kusema. Ndivyo watu wanavyonisifu. Niliandika namba ile kwenye simu, nikasimama nayo, nikayatafuta maneno ya kazini kwangu: shabaha, hasara, ilitarajiwa. Hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kumpelekea mama wa mtu. Upande wa pili wa nyumba walikuwa wakishusha turubai, wakicheka na kuitana.

Simu iliita, ikapokelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikamwambia napiga kutoka Kondoa, mimi ni dada wa fundi wa viyoyozi anayekaa chumba kimoja na mwanawe.

"Aa, yule aliyempisha kitanda." Sauti yake ikachangamka, Kiswahili chake kina lafudhi nzuri ya Kigogo. "Ameniambia. Anasema mama usihofu, nimelazwa pazuri kuliko wote, nje ya dirisha kuna walinzi na gari lao kubwa. Nimewaombea sana nyie watu. Mwambie mdogo wako huku Manyoni ana kwao."

Nilishika mti wa zizi.

"Mama, hapo nyumbani uko na nani?"

"Niko peke yangu, napepeta mtama. Kwani vipi?"

Baba mdogo alikuwa ametokeza kwenye kona ya nyumba. Aliniona uso, akavua kofia yake.

"Anaumwa kidogo," nilisema.

Nilisikia ungo ukiwekwa chini polepole, kwa uangalifu, mtama usimwagike.

"Kidogo," alisema.

"Ndiyo, mama. Kidogo."

Kuku walikuwa wakilia upande wake, na upande wangu pia.

"Basi usikate, mwanangu," akasema. "Ngoja nimwite shemeji yangu, uzungumze naye."